Sarafu ya Mambrui na maswali ya wahakiki

Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na wenzao wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walifukua huko Mambrui sarafu moja yenye tundu la mraba katikati. Juu yake mna herufi nne za Kichina zisomwazo Yongle Tongbao, na sarafu za namna hiyo zilitolewa zama za mfalme Yongle, kati ya 1403 na 1424. Oktoba ya mwaka huohuo, BBC ikauliza kama sarafu hiyo yenye kutu ingeweza kuiandika upya historia ya Uchina na Afrika. Mambrui, mji mdogo wa Kilifi ulio ng'ambo ya Mto Sabaki ukitoka Malindi, ukageuka shahidi katika kesi kubwa: kwamba merikebu za Zheng He, amiri wa Yongle, zilitia nanga pwani hii miaka themanini hivi kabla ya Vasco da Gama kuwasili Malindi mwaka 1498.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Hoja yenyewe, jinsi wachimbaji walivyoiandika kwa wataalamu wenzao, haikuzunguka kiasi hicho. Kwa msomaji wa Kiingereza, mahali pa kuitafuta ni sura ya Qin Dashu na Ding Yu kuhusu Mambrui na Malindi, katika kitabu kikubwa kiitwacho The Swahili World, kilichohaririwa na Stephanie Wynne-Jones na Adria LaViolette na kuchapishwa na Routledge mwaka 2018. Bei ya kitabu hicho si ya mfuko wa mwalimu wa shule ya msingi. Basi kwa miaka mingi mtu wa Mambrui amekuwa na kichwa cha habari mkononi bila maswali ambayo wataalamu huulizana wao kwa wao kabla ya kukubali jambo. Naona hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Maswali yenyewe si ya siri. Makala inapopelekwa kwenye jarida la kitaaluma, mhariri huwatafuta watu wawili, watatu au zaidi wenye ujuzi wa fani ileile, ambao hawakushiriki katika utafiti. Huwaita wahakiki. Mara nyingi mwandishi hawajui ni akina nani, na katika majarida mengine nao hufichwa jina la mwandishi. Kwa kawaida hawalipwi. Kazi yao ni kuisoma makala kama watu wasio na hisa katika furaha ya ugunduzi, na kutafuta pale inapovuja.

Mhakiki wa sarafu ya Mambrui angeanzia kwenye udongo. Sarafu ilitoka tabaka gani? Juu yake na chini yake kulikuwa na nini? Tabaka hilo lilikuwa limetulia, au lilishapitiwa na shimo la choo, kisima au kaburi la baadaye? Kisha angekumbusha jambo ambalo kila mwanaakiolojia analijua na wasomaji wa magazeti hawakuambiwa kwa uzito wake: sarafu huonyesha tu kwamba haikufika kabla ya kutengenezwa. Haisemi ilifika lini baada ya hapo, wala mikononi mwa nani. Sarafu za Yongle zilitolewa kwa wingi kwa ajili ya biashara ya nje, zikasambaa Asia na hata kuigwa. Moja ingeweza kuingia katika mfuko wa mfanyabiashara wa Kihindi, ikavuka na msimu wa kaskazi, ikafika Mambrui pasipo Mchina yeyote kuiona pwani hii.

Kauri nayo ina kesi hiyohiyo. Vyombo vya Uchina vilikuwa vikifika miji ya kale ya Shanga na Manda karne nyingi kabla ya Zheng He kuzaliwa, vikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Ghuba na Bahari ya Hindi. Magofu ya Gede, yaliyochimbwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia mwaka 1948, yamejaa vigae vyake. Mambrui penyewe pana kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina, na hakuna mtu timamu anayesema kwamba aliyezikwa pale ni Mchina. Timu ya Profesa Qin ilitaja pia kigae cha Longquan ilichokihusisha na matumizi ya kasri ya kifalme, na hiyo ni hoja nzito kuliko sarafu, kwa sababu vyombo vya kifalme havikuuzwa sokoni kama vingine. Lakini hapo ndipo mhakiki angeuliza kwa ukali zaidi: umejuaje kuwa ni cha kifalme, na ni nani mwingine aliyekichunguza?

Kuuliza hivyo hakumaanishi kwamba Zheng He hakufika. Kumbukumbu za Kichina zinaeleza twiga aliyepelekwa mbele ya Yongle mwaka 1415 kutoka nchi ambayo kwa kawaida hutambuliwa kuwa Malindi. Uhusiano ulikuwapo. Kinachobishaniwa ni mzigo ambao sarafu moja inaweza kuubeba. Mwaka 2013 habari ikajirudia: watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams wakatangaza sarafu nyingine ya Yongle kutoka kisiwa cha Manda, na kwa mara nyingine vyombo vya habari vikamtangulia msomaji wa majarida.

Kinachonisikitisha zaidi kuhusu mwaka ule wa 2010 ni kile kilichofunikwa na sarafu. Wachimbaji walikuta Mambrui mabaki ya uyeyushaji wa chuma. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyeandika katika karne ya 12, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wafuaji wa chuma, na wataalamu wamebishana kama Malindi yake ilikuwa mji wa leo au Mambrui. Hapo pana historia ya mikono ya watu wa hapa: tanuri zao, makaa yao, soko lao ng'ambo. Mhakiki mzuri angemwambia mwandishi aipe chuma nafasi yake. Gazeti halina mhakiki wa namna hiyo, likachukua kinachong'aa.

Mambrui ni mji wa madrasa na Maulidi, na wenyeji wake hawahitaji kufundishwa kutoka mbali wazo la kumchunguza msemaji kabla ya kuikubali kauli. Wanaelimu ya hadithi za Mtume walijenga taaluma nzima juu yake: huyu aliyesimulia alikutana kweli na yule anayemtaja? Kumbukumbu yake ilikuwa imara? Alikuwa na sababu ya kumpendelea mtawala au kundi? Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, aliyaacha mapokezi mengi mno kuliko aliyoyakubali. Mzee aliyesoma mustalah, yaani kanuni za kuchunguza hadithi, msikitini angezielewa kanuni za jarida la kisayansi mara moja, na nadhani angeshangaa kuona jinsi zinavyolegezwa siku hizi.

Kanuni zimeandikwa. Mwaka 1997 wahariri wachache wa majarida ya tiba nchini Uingereza waliunda kamati ya maadili ya uchapishaji, inayojulikana kwa kifupi kama COPE, na leo majarida ya fani zote hufuata miongozo yake. Inamtaka mwandishi ataje nani alimlipa. Inakataza kuiba maandishi, kupika takwimu, kupeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, kumtaja kama mwandishi mtu ambaye hakufanya kazi, na kumwacha aliyeifanya. Inamtaka mhakiki ajitoe akiwa na maslahi au ugomvi na mwandishi, na mhariri aiondoe rasmi makala ikithibitika ni ya uongo. Uchimbaji wa Mambrui ulikuwa mradi wa miaka mitatu uliogharimiwa na serikali ya Uchina. Hilo si kosa. Utafiti lazima ugharimiwe na mtu, na enzi za Kirkman serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na historia yake iliyopenda kuisikia. Lakini msomaji akijua nani amelipa, husoma kwa jicho lililofunguka, na ndiyo sababu majarida hulazimisha jambo hilo liandikwe.

Kenya iliwahi kulipa gharama ya kutangaza kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka 1990 dawa iitwayo Kemron, interferoni ya kumumunya kwa kipimo kidogo, ilitangazwa kuwa tumaini dhidi ya Ukimwi. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) wakiongozwa na Davy Koech walichapisha matokeo yao katika East African Medical Journal, na Rais Daniel arap Moi mwenyewe akaizindua mbele ya taifa. Wagonjwa walisafiri kuja Nairobi kutoka nchi za mbali. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo yaliyoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, yakiwalinganisha waliopewa dawa na wasiopewa, hayakuona faida iliyodaiwa. Hapo jarida lilikuwapo. Lililokosekana ni muda wa wengine kuijaribu kauli kabla ya rais kuisimamia, na baada ya rais kuisimamia, nani angethubutu kuuliza?

Upande wa pili wa shilingi uko Kilifi kwenyewe, na ningependa ujulikane kuliko sarafu yoyote. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwa Kilifi tangu 1989. Mmoja wa madaktari wake, Kathryn Maitland, aliongoza jaribio lililoitwa FEAST kuhusu jambo ambalo kila daktari wa watoto aliamini amelijua: mtoto mwenye homa kali anapofika hospitali akiwa na dalili za mshtuko, yaani damu haifiki vyema mwilini, apewe maji ya mshipa kwa wingi na haraka. Vitabu vilisema hivyo. Hospitali za nchi tajiri zilifanya hivyo. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania walishiriki. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ililisimamisha jaribio kabla ya wakati, kwa kuwa watoto waliopewa maji ya haraka walikuwa wakifa zaidi. Katika saa 48 za kwanza walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa maji yenye albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi. Miongoni mwa wasiopewa maji hayo ya haraka, walifariki asilimia 7.3.

Matokeo hayo hayakuwa na mteja. Hakuna kampuni iliyoyataka, na madaktari wengi waliyapokea kwa kutoamini. Mei 2011 yalitoka katika New England Journal of Medicine, jarida ambalo kupita mlango wake ni kupitishwa katika tundu la sindano, na ubishi haukuishia hapo. Wakosoaji waliuliza kama watoto wale kweli walikuwa na mshtuko, kama malaria na upungufu wa damu vilipotosha picha, kama hospitali zisizo na vyumba vya wagonjwa mahututi zinaweza kufundisha hospitali zilizo navyo. Watafiti walirudi kwenye takwimu zao, wakachapisha uchambuzi zaidi mwaka 2013 juu ya namna watoto wale walivyofariki. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeandikwa wazi, tangu mpango wa jaribio hadi idadi ya vifo katika kila kundi, mkosoaji alilazimika kushindana na ushahidi. Kama matokeo yangetangazwa mkutanoni tu, mabingwa wa London na Boston wangeyapuuza kwa sababu yametoka wodi za Kilifi, na za Soroti na Mbale huko Uganda.

Jaribio hilohilo liliibua pia swali la ridhaa. Mama anayefika na mtoto aliyepoteza fahamu hawezi kukaa kusomewa karatasi ndefu. Kamati za maadili ziliruhusu aelezwe kwa ufupi, akubali kwa mdomo, na ridhaa kamili ichukuliwe baadaye hali ikitulia. Kuna wanaoona hilo linakubalika na kuna wasioliona hivyo. Mimi naliona linakubalika, ila kwa sharti kwamba liandikwe ndani ya makala ili kila mtu aweze kulipinga, na ndivyo lilivyofanywa.

Sasa tazama soko lililochipuka pembeni. Mhadhiri wa chuo kikuu cha Kenya hapandi cheo bila makala katika majarida yenye uhakiki. Sheria hiyo ni nzuri, lakini imezaa wachuuzi: majarida ya mtandaoni yenye majina makubwa, yanayoahidi uhakiki ndani ya siku chache, yanayotoza ada na kuchapisha chochote. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon aliyajaribu kwa niaba ya jarida la Science. Alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki yeyote angeyaona, akaipeleka kwa majarida 304. Yaliyoikubali ni 157. Waandishi aliowabuni aliwapa majina na vyuo vya Kiafrika visivyokuwepo. Nakubali jaribio lilifichua uozo, ila limeacha doa: bara letu lilivalishwa kama vazi la udanganyifu, na msomi halali wa Pwani ndiye anayesomwa kwa shaka zaidi kila uozo huo unapotajwa. Mhadhiri kijana anayeshawishika kununua nafasi katika jarida la namna hiyo ajue kwamba wa kwanza kuumia ni mwenzake wa ofisi ya pili, aliyekesha mwaka mzima na wahakiki wakali.

Bei nayo inaumiza kwa njia nyingine. Tangu 2021 jarida la Nature limewawekea waandishi wanaotaka makala yao isomwe bure na kila mtu ada iliyoanzia euro 9,500. Ipo misamaha na mikataba kwa baadhi ya nchi na vyuo. Hata hivyo, mwenye ruzuku ya Ulaya ndiye anayeamua kwa urahisi kwamba kazi yake isomwe na wote, na mwanaakiolojia wa Mombasa anabaki kuomba.

Na tunapofika kwenye mifupa ya wafu, maadili yanaacha kuwa karatasi. Mei 2021 Nature ilichapisha habari ya mtoto aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, hapa Kilifi, miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana barani Afrika. Alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, na watafiti walimwita Mtoto. Mifupa yake ilikuwa dhaifu mno, ikafunikwa kwa plasta, ikapelekwa Nairobi na kisha Burgos, Hispania, ili ichunguzwe kwa vyombo ambavyo hatuna. Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ni miongoni mwa waandishi wa makala hiyo. Machi 2023 jarida hilohilo likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili na bara yake, kutoka Manda na Mtwapa hadi Kilwa. Huko Mtwapa, Kusimba alifukua, akachukua sampuli na kuwazika tena wafu katika msimu uleule, ili wasiondolewe mahali pao.

Makala ile ya 2023 ilisema kwa uangalifu: asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, imechanganyika na asili ya Kiasia iliyotoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, tangu karibu mwaka 1000. Mitaani ikageuka kuwa fimbo. Mmoja anaitumia kusema Waswahili ni wageni, mwingine kujisifu kwa nasaba ya Shiraz. Hakuna kati yao aliyeisoma. Ndiyo maana nafurahia uamuzi wa Nature wa Juni 2025, kwamba makala zote mpya za utafiti zinazopelekwa kwake zikichapishwa, zitoke pamoja na barua za wahakiki na majibu ya waandishi. Mtu akiona mahali ambapo mtaalamu alilazimishwa kupunguza dai lake, hujifunza pia kupunguza la kwake.

Kaskazini ya Mambrui, baharini karibu na Ngomeni, kumelala mabaki ya merikebu ya Kireno yaliyotambuliwa mwaka 2013, yenye vipande vya shaba na pembe za ndovu. Caesar Bita wa Makavazi ya Kitaifa na Filipe Castro waliandika juu yake mwaka 2024 katika Journal of Maritime Archaeology. Walipendekeza kwamba huenda ni São Jorge, iliyozama mwaka 1524 katika safari ya mwisho ya Vasco da Gama, na wakasema wazi kwamba hilo bado linahitaji uchunguzi. Ile “huenda” ilipotea mara habari ilipofika kwenye vichwa vya habari. Mvuvi wa Ngomeni anastahili kuipata nzima.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inamtaka kila mtafiti apate kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) kabla ya kuanza kazi. Naomba masharti ya kibali kwa utafiti wa Pwani yaongezwe jambo moja lenye gharama ndogo: muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, unaoeleza kilichopatikana, kilichodaiwa, nani aliyelipa, na yale ambayo wahakiki waliyatilia shaka, nakala moja iwekwe katika makavazi ya Malindi na nyingine ipelekwe kwa wazee wa mji uliochimbwa. Uchimbaji wa Mambrui, pamoja na chuma chake, ungefaa kuwa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kina wanafunzi wanaoweza kuiandika kazi hiyo chini ya uangalizi wa walimu wao, na Makavazi ya Kitaifa ndiyo yaliyokuwa mshirika wa uchimbaji tangu siku ya kwanza.